Vitamini, mboga au presha: mchango wa kulinda kumbukumbu ya mzee uende wapi?

Mzee ameanza kuuliza swali lilelile mara tatu ndani ya saa moja, na mwezi huu sufuria imeungua mara mbili. Watoto wamechanga, pesa zimetumwa kwa simu, na aliye karibu ameambiwa apitie chemisti mjini Kisumu anunue "kitu cha ubongo". Kwenye kaunta kuna vitamini E, kuna ginkgo, kuna multivitamini ya wazee. Nje ya mlango kuna mama anayepima unga wa mlonge kwa kijiko. Zote zinasifiwa kwa neno moja: antioksidanti.

Tunazilinganisha hapa, ila tunaziweka kando ya vitu ambavyo haviuzwi kwa chupa: managu, omena, dawa ya presha, masikio, macho na mwendo wa miguu. Hukumu yetu tunaitoa mapema. Kwa wazee wengi wa Nyanza, Magharibi na Nakuru, mashine ya presha inaishinda chupa yoyote iliyo kwenye rafu. Chupa yenye hoja nzito kuliko nyingine ni ya vitamini B12, ambayo hata haiuzwi kwa jina la antioksidanti.

Neno hilo kwenye lebo

Kila seli huchoma chakula kwa oksijeni ndani ya mitokondria, yaani vijitanuri vyake vya nishati, na kwenye uchomaji huo hutoka cheche: radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake, zinazopokonya elektroni ya chochote kilicho jirani. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni. Tena umejaa mafuta yanayochacha upesi, na una madini ya chuma yanayochochea kuchacha huko. Mwili una walinzi wa kuzizima cheche hizo, ndizo antioksidanti: vimeng'enya kama katalesi na superoksidi dismutesi, pamoja na glutathioni. Cheche zikiwazidi walinzi, hali hiyo ndiyo huitwa msongo wa oksidishaji. Mmarekani Denham Harman alitoa mwaka 1956 wazo kwamba cheche hizi ndizo zinazotuzeesha, na ni kweli kwamba ubongo wa mtu mwenye Alzheimer, aina kuu ya ugonjwa wa kusahau, huonyesha alama za uharibifu wa aina hii mapema.

Hadi hapo muuzaji na mtafiti wanakubaliana. Wanaachana muuzaji anaposema: ubongo umeingia kutu, basi meza dawa ya kutu. Huko ni kupaka rangi bati huku mfereji uliotoboka bado unalimwagia maji. Mfereji wenyewe ni sukari iliyopanda miaka kumi bila mtu kuipima, presha inayochosha mishipa midogo ya ubongo, moshi wa kuni jikoni, sigara, chang'aa. Hivyo vyote huzalisha cheche kila siku, na kidonge hakizibi hata kimoja.

Kuna pia sababu za ndani zinazofanya vidonge vikwame. Ubongo una kizuizi chake dhidi ya damu, kwa hiyo kiwango kikipanda kwenye damu haimaanishi kimepanda ubongoni kwa kadiri ileile. Vitamini E ikishazima cheche, yenyewe hugeuka kuwa radikali na huhitaji vitamini C kuirudisha kazini. Kumwaga moja kwa wingi bila wenzake si kuongeza ulinzi. Halafu mwili hutumia cheche chache kama kengele. Mwaka 2009, vijana wa kiume nchini Ujerumani waliofanya mazoezi huku wakimeza vitamini C miligramu 1,000 na vitamini E yuniti 400 kwa siku walikosa faida ya mazoezi kwenye utendaji wa insulini, faida ambayo wenzao wasiomeza kitu waliipata. Kengele ilizimwa, na walinzi hawakuamka.

Jambo moja kuhusu vipimo kabla hujalipa. Maabara za utafiti hupima mabaki ya uharibifu huu, kama malondialdehidi na isoprostani, lakini hakuna kipimo cha msongo wa oksidishaji kinachomwongoza daktari wa kliniki kuchagua dawa. Kile kifaa cha kushika kiganjani kinachotoa ripoti ya kurasa kadhaa kuhusu "viwango vya sumu" hakikuchukua damu wala mkojo. Kimepima nini basi?

Vitamini E, kwa sababu ndiyo inayonunuliwa zaidi

Mtu mzima anahitaji miligramu 15 kwa siku. Sasa geuza chupa usome nyuma. Ikiandikwa "dl-alpha" ni ya kutengenezwa kiwandani, na kapsuli ya yuniti (IU) 400 ina takriban miligramu 180. Ikiandikwa "d-alpha" imetokana na mimea, na yuniti hizohizo ni kama miligramu 268. Kwa vyovyote, kapsuli moja ni mahitaji ya siku 12 hadi 18.

Majaribio makubwa yalisema nini? Mwaka 2005, watu 769 walioanza kusahau lakini bado hawajafikia ugonjwa kamili walifuatiliwa miaka 3. Waliopewa yuniti 2,000 kwa siku hawakutofautiana na waliopewa kidonge tupu katika kuingia kwenye Alzheimer. Mwaka 2017, wanaume zaidi ya 7,500 waliopewa yuniti 400, madini ya seleniamu, vyote viwili au kidonge tupu walipata ugonjwa wa kusahau kwa viwango vilevile. Jibu la kukinga, basi, ni hapana.

Mlango mmoja tu umebaki wazi kidogo. Mwaka 2014, maveterani 613 wa jeshi la Marekani ambao tayari walikuwa wamethibitishwa kuwa na Alzheimer ya kiwango cha chini hadi cha kati walishiriki jaribio, na waliopewa yuniti 2,000 kwa siku walipungukiwa polepole zaidi na uwezo wa shughuli za kila siku kama kuvaa, kuoga na kujilisha. Kasi ilishuka kwa asilimia 19 kwa mwaka. Kumbukumbu yenyewe haikuboreka. Wagonjwa hao walikuwa pia kwenye dawa za Alzheimer na chini ya uangalizi wa karibu. Hilo si sawa na mtoto wa mzee kununua chupa Nakuru bila utambuzi wa ugonjwa.

Madhara yake hayaandikwi kwa herufi kubwa. Dozi kubwa huongeza hatari ya kuvuja damu, hasa kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini, aspirini au klopidogreli. Uchambuzi wa mwaka 2010 uliojumlisha majaribio kadhaa ulikuta kiharusi cha kuvuja damu kikiongezeka kwa asilimia 22 kwa watumiaji wa vitamini E. Weka hilo kando ya mzee ambaye presha yake haijapimwa tangu mazishi ya mwaka juzi, uone unampeleka wapi. Wanaume waliopewa yuniti 400 kwa siku katika jaribio kubwa la Marekani walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi, kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 2011. Kama daktari ameiandika kwa sababu anayoieleza, imezwe pamoja na chakula chenye mafuta, na daktari wa meno aambiwe kabla ya kung'oa jino.

Beta-karotini ya vidonge haimfai kabisa mvutaji sigara. Finland, mwaka 1994, wavutaji wa kiume waliopewa miligramu 20 kwa siku walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Karoti na viazi vitamu vya rangi ya machungwa havina tatizo hilo.

Chupa nyingine, kwa ufupi

Ginkgo ilipimwa kwa watu zaidi ya 3,000 wa miaka 75 na kuendelea, miligramu 120 mara mbili kwa siku, kwa takriban miaka 6. Matokeo ya mwaka 2008: haikuzuia ugonjwa wa kusahau. Nayo pia huongeza hofu ya kuvuja damu ikichanganywa na dawa za kuzuia damu kuganda. Iache.

Multivitamini ya kawaida ya wazee ina hali bora kidogo. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2022, la zaidi ya watu 2,000 kwa miaka 3, lilionyesha faida ndogo kwenye kumbukumbu na fikra. Dondoo la kakao lililopimwa sambamba, lenye antioksidanti tele, halikufua dafu. Kwa mzee asiyekula vizuri, kidonge kimoja kwa siku kisichozidi mahitaji ya siku kina mantiki.

Lakini hapa pana mtego ambao katika kaunti za kando ya ziwa hauwezi kupuuzwa. Kidonge cha ARV, yaani dawa za virusi vya ukimwi, chenye dolutegraviri hushikamana na kalsiamu, chuma, zinki na magnesi tumboni, kisha hakifyonzwi vizuri. Mzee aliye kwenye matibabu hayo ameze ARV saa 2 kabla ya multivitamini yenye madini, au saa 6 baada yake. Zikimezwa pamoja, iwe ni pamoja na mlo. Dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini hazisameheki hata kwa mlo. Zitenganishwe kwa saa hizohizo. Wazee wengi hawamwambii mtoto kwamba wako kwenye ARV, kwa hiyo ukimnunulia chupa mwambie tu aipeleke kliniki yake ya kawaida ionekane kabla hajaifungua. Hakuna haja ya kumhoji.

Manjano ya kapsuli hufyonzwa kwa shida, na za kuongezewa nguvu zimewahi kuumiza ini la watumiaji. Kijiko cha manjano kwenye mchuzi hakina neno. Mlonge ni mboga nzuri. Ule kama mboga, usiulipie bei ya dawa.

Chai ya zambarau inastahili sentensi zaidi kwa sababu ni ya kwetu. Aina ya TRFK 306 ilitolewa na watafiti wa chai wa Kericho mwaka 2011, na watafiti Wakenya walichapisha mwaka 2014 kwamba rangi yake ya zambarau, antosiyanini, ilivuka hadi ubongoni na kuongeza ulinzi dhidi ya cheche. Katika panya. Ukiipenda inywe, bila vijiko vitatu vya sukari, na angalau saa moja baada ya mlo, kwa kuwa chai huzuia madini ya chuma ya mboga yasifyonzwe.

Sufuria ya managu

Tuwe waaminifu: chakula nacho hakijashinda kila kesi. Watu wanaokula mboga za majani, samaki na karanga huonekana kutunza kumbukumbu katika tafiti za kufuatilia, lakini jaribio la Marekani la mwaka 2023 lenye watu 604 halikuona tofauti kubwa baada ya miaka 3, labda kwa sababu makundi yote mawili yalipunguza chakula na uzito. Tofauti ya chakula na kidonge ni kwamba chakula hushusha presha, husaidia sukari na huleta B12 na folati hata kama hadithi ya antioksidanti ingefutwa kesho. Na mboga haimvujishi mtu damu.

Kinachoharibika, huharibikia jikoni. Managu, au osuga kama inavyoitwa soko la Kibuye mjini Kisumu, huchemshwa kwa maji mengi, maji ya kwanza yakamwagwa ili uchungu utoke, pengine na ya pili, kisha mboga ikatiwa maziwa na kupashwa moto kwa siku mbili tatu. Ladha yake tunaijua na hatusemi iachwe. Ila vitamini C na folati huyeyuka majini na huchoshwa na moto, kwa hiyo sehemu kubwa imekwenda na maji yaliyomwagwa mlangoni.

Njia inayookoa zaidi ni hii. Osha majani yakiwa mazima, ndipo uyakate. Badala ya kumwaga uchungu, uzimue: mafungu mawili ya managu kwa moja la terere au majani ya kunde. Maji yawe nusu kikombe tu, sufuria ifunikwe, dakika 10 hadi 15. Kitunguu na nyanya vikaangwe pembeni kwa kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya alizeti, viingie mwishoni pamoja na maziwa. Mafuta hayo yana kazi mbili: karotini ya majani haifyonzwi bila mafuta, na kijiko chenyewe kina miligramu 5 hivi za vitamini E, theluthi ya mahitaji ya siku. Konzi ya karanga, kama gramu 30, huongeza miligramu 2 na ushee. Karanga zilizosinyaa, zenye ukungu au uchungu zitupwe, maana sumukuvu haiondoki kwa kukaangwa.

Mrenda una shida yake: magadi. Hulainisha upesi, lakini huua vitamini C na thiamini, na huongeza sodiamu kwa mtu wa presha. Chembe kidogo inatosha. Munyu wa majivu wa Magharibi una potasiamu nyingi. Mwenye ugonjwa wa figo au anayemeza dawa za presha kama enalaprili au losatani auulize kwanza.

Kwa vitamini C ni matunda machache yanayolifikia pera. Gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200, wakati chungwa la uzito huohuo lina kama 50. Mzee asiye na meno akwanguliwe kwa kijiko. Omena huleta B12, kalsiamu na mafuta ya omega-3 kwa bei ambayo kapsuli ya mafuta ya samaki haiwezi kushindana nayo. Zikaangwe kwa mafuta kidogo mapya. Mafuta meusi yaliyokwisha kaangia samaki wa jana na juzi, yanayotoa povu na moshi kabla hayajapata moto sawasawa, yenyewe ndiyo msongo wa oksidishaji ndani ya karai.

Anayetumia warfarini asiambiwe aache mboga. Ale kiasi kilekile kila wiki, kwa sababu ni kupanda na kushuka kwa vitamini K kunakovuruga dozi.

Mashine ya presha

Mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet ilitaja visababishi 14 vinavyoweza kuzuilika ambavyo vikishughulikiwa vingepunguza au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya visa vya ugonjwa wa kusahau duniani. Kwenye orodha kuna presha, sukari, mafuta mabaya ya damu, kupungua kusikia na kuona, hewa chafu, sigara, pombe, upweke. Upungufu wa antioksidanti haumo.

Jaribio la Marekani la mwaka 2019, lenye watu zaidi ya 9,000, lililenga kushusha namba ya juu ya presha hadi chini ya 120 badala ya 140, na upungufu wa mwanzo wa kumbukumbu ulipungua kwa asilimia 19. Lililo karibu zaidi na maisha yetu lilifanywa vijijini China na kuchapishwa mwaka 2025: vijiji 326, watu karibu 34,000, na wahudumu wa kijijini wasio madaktari wa chuo kikuu wakipima na kurekebisha dawa. Baada ya miaka 4, ugonjwa wa kusahau ulikuwa chini kwa asilimia 15. Kenya iliwapa wahudumu wa afya wa jamii mikoba ya vifaa mwaka 2023, na ndani yake kuna mashine ya presha na ya sukari. Muulize wa kijiji chenu apite.

Ukinunua mashine ya nyumbani, chukua ya mkono wa juu, si ya kifundo. Pima mzunguko wa mkono wa mzee kwa utepe wa fundi nguo kabla ya kwenda dukani. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma presha iliyozidi ukweli. Mzee akojoe kwanza. Asiwe amekunywa chai wala kuvuta sigara kwa dakika 30. Aketi dakika 5 kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi wala si juu ya sweta. Asizungumze, nawe usimhoji kuhusu shamba. Pima mara mbili kwa kupisha dakika moja, asubuhi na jioni, siku 7. Tupa za siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki. Wastani wa 135/85 kwenda juu nyumbani ni presha ya kupeleka kliniki na daftari mkononi.

Kisha pima akiwa amesimama, baada ya dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, daktari ajue kabla ya kuongeza dawa, maana mzee huyo ataanguka usiku akienda choo, na kichwa kilichogonga sakafu ni kisababishi kingine kwenye ileile orodha ya 14. Wazee dhaifu sana hawashushwi kwa nguvu hadi 120.

Matibabu hukwama kwa mambo madogo. Amlodipini huvimbisha vifundo, mzee anaiacha kimya kimya. Enalaprili huleta kikohozi kikavu, anadhani ni kifua. Au anajisikia vizuri, basi anasema presha imepona. Zote zina dawa mbadala. Kinachohitajika ni kurudi kliniki, si kuacha.

B12 na mfuko wa dawa

Mzee aliyemeza metformini ya kisukari kwa miaka, au omeprazoli ya asidi tumboni kwa muda mrefu, hufyonza B12 kwa shida. Upungufu huleta kusahau, ganzi ya miguu na kuyumba, na huweza kufanana kabisa na uzee. Damu ipimwe, ikithibitika, vidonge vya mikrogramu 1,000 kwa siku au sindano hurudisha kiwango, na kadiri inavyoanzwa mapema ndivyo kumbukumbu inavyorudi. Asipewe vidonge vya foliki (folati) pekee, kwani hurekebisha damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Kumbuka pia: dolutegraviri hupandisha metformini mwilini, na kikomo cha kawaida zikitumika pamoja ni miligramu 1,000 za metformini kwa siku.

Siku hiyohiyo mwaga mezani dawa zote zilizo ndani ya nyumba, pamoja na zile za jirani. Piriton ya mafua, promethazini ya kichefuchefu, amitriptilini ya ganzi, diazepamu ya usingizi: kila moja huweza kumfifisha mzee akili. Kuondoa moja ya hizo kwa ushauri wa daktari kumewapa baadhi ya wazee kile ambacho familia ilikuwa ikikitafuta kwenye ginkgo. Diazepamu na amitriptilini haziachwi ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo.

Masikio, macho, miguu

Anza na nta. Kliniki huitoa kwa dakika chache. Vifaa vya kusikia ni ghali, na jaribio la mwaka 2023 liliona kwamba vilipunguza kasi ya akili kufifia kwa wale tu waliokuwa na hatari kubwa tangu mwanzo. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji. Kwa watu wa Vihiga na jirani zake, hospitali ya macho ya Sabatia iko karibu kuliko Nairobi. Kutembea kwa kasi ya kumfanya apumue zaidi lakini aweze kuzungumza, dakika 150 kwa wiki, huwaamsha wale walinzi wa ndani bila chupa. Jiko la kuni lihamie penye hewa au liwe lile banifu liitwalo Upesi.

Kando kwa kando

| Njia | Kukinga kusahau | Hatari | Wa kumfaa |
|---|---|---|---|
| Vitamini E, yuniti 400 kwenda juu | Haijaonyesha faida | Kuvuja damu, tezi dume | Mgonjwa wa Alzheimer aliyethibitishwa, kwa daktari tu |
| Ginkgo | Haijaonyesha faida | Kuvuja damu | Hatuoni |
| Multivitamini | Faida ndogo | Kuzuia dolutegraviri | Asiyekula vizuri |
| Vitamini B12 | Kwa mwenye upungufu tu | Ndogo | Wa metformini, omeprazoli |
| Mboga, omena, pera | Dalili nzuri, si hakika | Warfarini, figo: uliza | Karibu wote |
| Kushusha presha | Imeonyeshwa kwa majaribio | Kuanguka ikishuka mno | Mwenye 135/85 nyumbani au zaidi |

Tuseme mchango ni shilingi 3,000 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza zote ziende kwenye vipimo: presha, wastani wa sukari wa miezi 3 (HbA1c), damu kamili, tezi ya shingo, na B12 kama yuko kwenye metformini. Kaswende na virusi vya ukimwi pia, bila haya, kwa kuwa vyote hugusa ubongo na vyote hutibiwa. Mwezi wa pili, mashine ya presha au nauli za kliniki. Kuanzia wa tatu, dawa alizoandikiwa na kikapu cha soko la Wakulima au Chwele. Kikibaki kitu, multivitamini moja.

Na kama mzee alikuwa sawa juzi na leo hajui yuko wapi, anasinzia ovyo au anaona watu wasiokuwepo, usilinganishe chochote. Hiyo mara nyingi huwa malaria, maambukizi ya mkojo au mapafu, sukari iliyoshuka, upungufu wa maji au kiharusi. Kama anatumia dawa za sukari na anaweza kumeza, mpe kijiko cha sukari kwenye maji, chukua mfuko wa dawa zake zote, na mfike hospitali leo.